Jawabu la Mara ya Pili

Iliki ikipondwa, mimi hurudi Hail, mtaa wetu wa Maskati. Hata niwe jikoni kwa watu nisiowajua sana, nikiisikia ile harufu kali ikiingia kwenye sukari inayochemka, najua kuna mtu anapika visheti, na visheti ni chakula cha wageni. Kwetu, mwaka ule wa vita vya Ghuba, vilipikwa kila Alkhamisi. Mwanzo nilivila kwa furaha. Baadaye nikavila kwa mazoea, na mwisho nilivichoka kabisa, na kwa mtoto wa umri wangu kuchoka visheti si jambo dogo.

Wageni wenyewe hawakuja. Nimekaa na habari hii miaka mingi, na kila nikiizungusha kichwani naona haina mtu mbaya ndani yake. Ingekuwa na mtu mbaya ningelala vizuri zaidi.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na bahari, karibu kiasi kwamba vitasa vya milango vilishika kutu kabla hatujavizoea. Babu aliijenga baada ya kutoka Unguja. Kwa nje ilikuwa nyumba ya Kiomani kama nyengine zote za mtaa, ukuta mweupe na geti la chuma, lakini ukishavua viatu mlangoni umeingia Unguja. Kiarabu kilibaki nje pamoja na viatu. Bibi yangu, Bi Zuwena, alikuwa na miaka mingi Oman, na bado Kiarabu chake kilikuwa cha salamu, cha dua na cha kugombana na muuza samaki. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, akamwachia mama yangu kazi ya kuyafikisha.

Tuliishi humo pamoja: Babu na Bibi, baba yangu na mama yangu, mimi, na wadogo wawili wa baba ambao walikuwa hawajaondoka nyumbani. Mmoja ni Ami Khalfan. Alikuwa amemaliza skuli na akaamua kwamba amepumzika vya kutosha ili aanze kupumzika kweli. Mwengine ni Shangazi Rahma. Huyu alimaliza mwaka mmoja nyuma yake na kwa alama nzuri kumshinda, jambo ambalo Babu alilisema kila alipotaka kumuudhi Khalfan. Rahma alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye vidole virefu visivyotulia. Mimi nilimpenda kuliko mtu yeyote, na sikuwa na sababu ya kulificha hilo kwa mama yangu.

Vita kwangu mimi vilikuwa redio ya Babu. Asubuhi redio, mchana redio, jioni televisheni na redio pamoja, na mtu yeyote akipiga chafya katikati ya habari anatazamwa kwa jicho baya. Mapigano yenyewe yalikuwa Kuwait na Iraq, mbali na sisi, na skuli tulikwenda kama kawaida. Lakini Bibi hakuamini umbali. Aliwahi kukimbia mara moja na furushi moja, na alikuwa ameapa kwamba halimpati tena. Alinunua mchele, unga na mafuta, akavipanga chini ya vitanda mpaka kitanda changu kikawa hakina tena uvungu wa kuchezea. Babu alipomwambia kwamba vita haviji Hail, alimjibu kwa utulivu kwamba inawezekana, lakini mara hii akikimbia atakimbia ameshiba.

Vita hivyo vilileta jambo ambalo halikutegemewa na mtu. Katika maofisi ya Maskati, waliokuwa wakishika hesabu, wakipiga taipu na kupokea simu walikuwa wengi wao wageni kutoka nje. Hofu ilipoingia, wakaomba likizo. Wengine hawakuomba hata hiyo likizo, walipanda ndege tu. Meza zikabaki na mashine zimefunikwa. Hapo ndipo chuo kimoja cha biashara, ambacho sitakitaja, kilipoona nafasi yake. Kilitangaza gazetini kwamba kinatafuta wasichana na wavulana waliomaliza sekondari, wafundishwe kwa miezi michache tu, kisha wapelekwe moja kwa moja makazini. Hakuja mtu. Nani atampeleka mwanawe chuoni wakati redio inazungumza makombora?

Basi mkuu wa chuo, ambaye nadhani alikuwa mtu mwenye akili, akaacha matangazo na kufuata njia ya wenyeji. Alituma watu majumbani. Walikwenda wawili wawili kwa gari jeupe, mwanamume na mwanamke, baada ya sala ya alasiri, saa ambayo mtu mstaarabu huwa nyumbani. Wakifika mtaani huuliza kwanza nyumba ipi ina aliyemaliza skuli, kama wanavyofanya watu wa chanjo wanapotafuta watoto wachanga. Kisha mwanamume huingia majilisi kwa wanaume, akanywa kahawa na kuzungumza habari za vita, na mwanamke huingia ndani kwa wanawake. Waliahidi kwamba wavulana watasoma jioni na wasichana asubuhi, wala hawatakutana hata ngazini. Na wasichana watachukuliwa na basi lenye mapazia. Nasikia mapazia yale ndiyo yaliyowashinda mabibi wengi waliokuwa wamejiandaa kukataa.

Habari zilitangulia gari. Binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alichukuliwa, na mama yake akaja kutuhadithia kwa sauti ya mtu anayelalamika huku anajisifu. Shangazi Rahma alisikiliza. Siku ya pili yake akachukua kifuniko cha boksi la viatu, akakichora vitufe vya taipu, herufi moja moja, kama alivyoziona kwenye mashine ofisini kwa baba yangu. Akawa anakaa nacho mapajani akivipiga kwa vidole vyote kumi, macho ameyaelekeza ukutani. Mimi nilikuwa nikimwambia cha kuandika. Nilimwambia aandike jina langu, Asya, kisha aandike "Ami Khalfan mvivu," naye akavigonga vidole kwa haraka na kuniambia tayari, imeshaandikwa, apelekewe. Tulicheka mpaka Bibi akatuuliza kwa nini tunacheka peke yetu.

Sijui kama nimeweza kukuonesheni alivyokuwa akikitaka chuo kile. Hakuwa mtu wa kusema nataka. Lakini alianza kuamka mapema. Aliinyoosha abaya yake nyeusi kwa pasi, akaitundika nyuma ya mlango, akawa haivai. Nilipomuuliza kwa nini haivai, alisema ile ni ya basi.

Gari jeupe likaja kwetu siku ya Alkhamisi. Mwanamume alikuwa Muomani wa makamo, mpole, na Babu akampokea majilisi pamoja na Ami Khalfan aliyeamshwa usingizini. Mwanamke alikuwa mwalimu wa Kimisri, Ustadha Samira, mrefu, mwenye miwani na mkoba mkubwa, na haraka iliyoonekana hata alipokuwa amekaa. Bibi alimkalisha kwenye zulia bora. Likaletwa sinia la halua, zikaletwa tende, ikaletwa dele ya kahawa. Mimi nilijibanza kwenye ubavu wa Bibi. Mama alikaa kati yao, kwa sababu Ustadha alisema Kiarabu cha Misri na Bibi alisema Kiswahili cha Malindi ya Unguja, na bila ya mama wangebaki kutabasamiana mpaka magharibi.

Shangazi Rahma aliingia na sharubati. Alitembea taratibu, akainamia kila mtu, hakuinua macho. Ustadha alimtazama vizuri, akauliza alama zake, akauliza kama anaweza Kiingereza, akasifu adabu yake. Akasema kwa ufupi kwamba darasa la wasichana lina nafasi, basi lipo, kazi ipo, na angependa kusikia kauli ya mama mtu.

Naomba hapa mnisikilize kwa makini, maana kila kitu kiko hapa.

Kwetu, mtu akija nyumbani kutaka mtoto wa kike, hajibiwi siku ile. Hata kama familia imempenda mwombaji kuliko macho yao, hata kama mchana wamesali aje, hawasemi ndiyo. Watamshukuru, watasema mtoto bado mdogo, nyumba inamtegemea, watashauriana na wakubwa, na la kheri litakuwa. Mwombaji akiwa na nia atarudi. Mara ya pili anapewa matumaini, na mara ya tatu ndipo anapopewa jawabu. Shangazi yetu mkubwa, aliyeolewa Matrah, aliombwa hivyo. Bibi mwenyewe, kwao Malindi, baba yake aliwarudisha washenga mpaka wakawa wanaijua njia gizani, na hadithi hiyo Bibi aliipenda mno. Alikuwa akisema kwamba mtoto anayetolewa kwa ombi la kwanza huonekana amechosha kwao. Ile kauli ya kuzuia ndiyo heshima yenyewe, na binti anayesimama nyuma ya pazia akisikia mama yake anakataa hufurahi, kwa sababu anajua ametiwa thamani.

Wala Bibi hakudhani kwamba Ustadha Samira amekuja kuposa. Alijua vizuri ni chuo. Lakini alikuwa amekuja mtu mzima, kwa gari, baada ya alasiri, amekaa juu ya zulia, amekula halua, na ametaka mtoto wa kike atoke katika nyumba yake. Bibi hakuwa na namna nyengine ya kulijibu jambo hilo.

"Tumefurahi sana kukuoneni," alisema. "Lakini mtoto mdogo huyu, na mimi nnamtegemea. Tutashauriana, inshallah la kheri litakuwa."

Mama akalifikisha neno kwa neno. Ustadha alitikisa kichwa kwa huzuni kidogo, akasema Mungu ajaalie, akaufunga mkoba wake. Alikitikisa kikombe cha kahawa, ishara ya kwamba ametosheka, akashukuru, akaondoka. Alikuwa na nyumba nyengine za kwenda kabla ya magharibi.

Upande wa wanaume mambo yalikwenda vyengine. Mtoto wa kiume haombwi mara tatu. Yule bwana alipomtaja Khalfan, Babu hakumngojea amalize. Alimtoa mwanawe pale pale kama mtu anayegawa paka wengi waliozaliwa nyumbani, na Ami Khalfan, ambaye alikuwa na mipango ya kulala mpaka vita vishe, akajikuta amekubaliwa chuoni kabla hajauliza ni chuo cha nini. Jioni ile alikula kwa hasira. Shangazi Rahma ndiye aliyekuwa mwenye furaha. Aliosha vyombo huku anaimba kwa mdomo uliofumba, akaniambia tutengeneze nywele zangu vizuri kwa sababu wageni watarudi wiki ijayo.

Maana na yeye alijua ada. Hakuona kwamba amenyimwa kitu. Aliona kwamba mama yake amemsimamisha mahali pa juu, na kwamba sasa ni zamu ya upande wa pili.

Basi zikaanza zile Alkhamisi za visheti. Bibi alikanda unga tangu asubuhi, akaukata vipande vidogo vidogo, akavikaanga, akavizungusha kwenye sukari na iliki mpaka vikawa vyeupe. Zulia lilikung'utwa. Mimi nilivalishwa gauni la Idi, na nilikatazwa kukaa chini. Baada ya alasiri tulikuwa tukisikiliza magari. Mara moja gari jeupe lilipita, likaenda zake kwenye nyumba nyengine, na Bibi akasema kwamba wanaona haya kuja haraka, watu wazuri hawa. Magharibi ikiadhiniwa, sinia linafunikwa, na sisi watoto wa mtaa ndio tunaofaidika.

Ami Khalfan alikuwa akienda chuoni jioni, akirudi analalamikia taipu, vidole, mwalimu na kiti. Shangazi Rahma alimngojea kila siku mlangoni. Alimuuliza wamefundishwa nini, akamtaka amuoneshe, na yeye akamuonesha nusu nusu kwa sababu nusu nyengine hakuisikiliza. Baada ya kumngojea hivyo mara nyingi, Rahma akamwomba amuulize Ustadha Samira atakuja lini.

Alirudi na jawabu siku ya pili. Nakumbuka tulikuwa ukumbini, Babu na redio yake, Bibi na kisu chake cha kukatia bamia. Khalfan alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeleta habari ya hali ya hewa. Ustadha amesema hatakuja, kwa sababu alishakuja na familia ilikataa.

Bibi aliweka kisu chini. "Nani kakataa?" aliuliza. "Mimi nimekataa? Mimi nimesema tutashauriana. Mtu akikataa husema hivo?"

Mama alikuwa ameangalia sakafu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku ile ya wageni aliona waziwazi kuwa Ustadha hajafahamu, na neno lilimjia mdomoni, lakini mke wa mwana hamsemei mama mkwe wake mbele ya mgeni. Alisema alifasiri maneno tu, ada akaiacha. Alilisema hilo huku anapangusa meza iliyokuwa safi tayari.

Babu alizima redio, na hapo nilijua kuwa jambo ni kubwa. Akasema kwamba mambo ni mepesi, kesho asubuhi atampeleka Rahma mwenyewe, atasema naye yule Mmisri, yataisha. Sote tulimtazama Bibi. Nimeurudisha mara nyingi uso ule wa Bibi kichwani mwangu, nikitafuta ukaidi au ubaya, sikuupata. Alikuwa na hofu. Akasema kwamba mtoto wa kike hapelekwi, anafuatwa. Akipelekwa na watu wake kwenda kubisha hodi mlangoni, kila atakayemwona huko atajua kwamba aliletwa, na ataishi na hilo.

Shangazi Rahma alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Sijawahi kumsikia akimjibu mama yake kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mama," alisema, "mimi siolewi. Nnakwenda kusoma."

Alilisema taratibu, bila ya kuinua sauti. Bibi alikichukua kisu chake, akakata bamia moja, akakata ya pili.

"Watarudi," alisema. "Wewe ngoja. Haraka haraka haina baraka."

Babu angeweza kusema neno. Kwa mambo ya mashamba, ya fedha, ya safari, neno la Babu lilikuwa la mwisho. Lakini mabinti walikuwa wa Bibi, hivyo ndivyo walivyogawana dunia tangu Unguja, na Babu hakuwa mtu wa kuvuka mpaka. Aliiwasha redio.

Na redio, wiki chache baada ya hapo, ikatangaza kwamba vita vimekwisha.

Mtaa mzima ulifurahi. Majirani walipelekeana sahani, watoto tuliachiwa barabarani mpaka usiku ukaingia, na Bibi akaanza kuutoa mchele uvunguni, akiugawa kwa maskini kwa nadhiri aliyoiweka. Nilipoingia jikoni kutafuta maji nilimkuta Shangazi Rahma amesimama kwenye sinki, bomba limefunguliwa, na machozi yanamtoka bila sauti. Nikamuuliza nani amemchapa. Akacheka, akasema ni vitunguu. Sikuona kitunguu. Siku hizi nafikiri kwamba katika nchi zote za Ghuba siku ile walikuwepo watu wachache sana waliosikitika kwa amani, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao, na aliona haya mbele ya Mungu.

Maana aliyafahamu mahesabu kuliko sisi. Wageni wa maofisini walirudi kwenye meza zao kama ndege wanaorudi mtini. Chuo kikaacha kutuma gari. Wasichana waliokuwa ndani walimaliza na wakapata kazi, yule binti wa nyumba ya tatu akiwa mmoja wao, lakini darasa jengine la asubuhi halikufunguliwa, na basi lenye mapazia likapotea barabarani. Mlango ulifunguliwa kwa sababu ya vita, na vita vilipotoka vikaufunga nyuma yake. Chelewa chelewa, walisema wahenga, utamkuta mwana si wako. Babu alilisema hilo mara moja tu, peke yake, akiwa anatia udhu.

Ami Khalfan, ambaye hakutaka, aliingia benki. Akaanza kwa kuhesabu noti, akaendelea taratibu mpaka akawa na ofisi yake na kijana wa kumletea chai, na leo amestaafu, ana nyumba nzuri Ansab yenye bustani. Ni mtu mkarimu na mimi nampenda. Lakini kila akisimulia alivyojenga maisha kwa jasho lake, husema kwamba siri ni kuikamata nafasi inapokuja, na mimi huomba ruhusa niende nikatazame chai.

Shangazi Rahma aliolewa, baada ya kuombwa kama inavyostahili, akakaa miaka michache huko Nizwa, kisha akarudi nyumbani bila mtoto na bila maneno. Alimuuguza Babu mpaka alipofariki. Akawa ndiye mwenye funguo, mwenye dawa za Bibi na mwenye kunisimamia masomo yangu. Hakuwa mtu mchungu, nisije nikakudanganyeni. Alikuwa bado mcheshi. Ila vidole vyake vilikuwa vimetulia, na hilo sikuliona mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Sasa niruhusuni nifike miaka ya elfu mbili, nilipomaliza sekondari mimi mwenyewe. Televisheni ilikuwa inaonesha vita vyengine vya Iraq, Bibi alikuwa mzee sana, amekaa sebuleni na simu ya nyumbani pembeni yake kwa sababu alipenda kuwa wa kwanza kuipokea. Nilikuwa nimeomba vyuo viwili au vitatu na nilikuwa nangojea. Siku moja asubuhi simu ikalia. Shangazi Rahma alikuwa amekaa chini anachagua mchele kwenye ungo, na mimi nilikuwa napiga pasi.

Bibi alinyanyua simu, akasikiliza kidogo. Nilisikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikisema Kiarabu, ikitaja jina langu na neno chuo.

"Naam," alisema Bibi kwa nguvu. "Naam, naam, naam. Tumekubali. Aje lini?"

Kumbe yule mwanamke alikuwa hajamaliza kujitambulisha. Hakuwa amesema ni chuo gani, wala masomo gani, wala kama ameletwa kwenye simu na jambo jengine kabisa. Mama alikimbia kuichukua simu, akaomba radhi, akasikiliza vizuri, na ikawa kweli nimepata nafasi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Bibi hakucheka. Alikuwa ameikunja mikono yake miwili mapajani na anamtazama Shangazi Rahma, naye Shangazi Rahma alikuwa ameinamia ungo. Nilidhani anatafuta mawe.

Nikaifanya hadithi hiyo kuwa ya kuchekesha watu. Niliisimulia arusini, niliisimulia kazini, nikijua kuigiza zile naam za Bibi kwa sauti yake. Watu waliipenda. Bibi alipofariki niliisimulia tena, siku ya mwisho ya msiba, pale watu wanapoanza kuruhusiwa kutabasamu, na chumba kizima kikacheka na kulia pamoja.

Baada ya hapo nilimpeleka Shangazi Rahma Matrah kwa dada yake. Tulipoanza kuiona bandari, akasema, bila ya kunigeukia:

"Asya, lile jawabu la Bibi yako kwenye simu lilikuwa langu. Lilichelewa njiani tu."

Niliendesha gari. Ndipo nilipofahamu kilichotokea asubuhi ile sebuleni. Bibi yangu hakujua kuomba radhi kwa mwanawe, hakufundishwa, hakuna ada yake. Alikaa na kosa lake miaka yote ile, akingoja mtu arudi kuuliza mara ya pili, na mtu aliporudi aliuliza jina la mwengine. Akajibu hivyo hivyo, kwa haraka, kabla hawajaondoka tena, huku anamtazama binti yake. Mimi nikaenda chuo kwa jawabu ambalo halikuwa langu, na nikalichekeshea watu.

Tangu siku ile sijaisimulia tena, mpaka leo kwenu nyinyi.